Nani Asemaye Kwanza? Noteri, Hati na Lugha kutoka Unguja hadi Kaniama

1. Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyatafuta maandishi ya lugha hii katika tenzi, tawarikh na barua za watawala na, kwa karne ya 20, katika magazeti na riwaya. Hati za kisheria tumewaachia wanasheria. Hati ya kuuza nyumba, wakala anaopewa ndugu aliye mbali, wosia wa mzee aliyestaafu kazi ya reli: karatasi za namna hii hazina mtunzi anayejulikana wala fani ya kusifiwa, na kwa hiyo hazikupata mhakiki. Hata hivyo, kwa watu wengi wa Afrika Mashariki na ya Kati, hizo ndizo karatasi chache maishani zinazoweza kuwapa nyumba au kuwanyang'anya. Makala haya yanamhusu mtu anayekaa kati ya neno la mdomo na karatasi hiyo, yaani noteri. Yanauliza swali moja la kihistoria: katika hati inayomfunga mtu, nani husema kwanza, na nani husikia mwisho?

Tutaanzia pwani na kuishia Kaniama. Mji huu uko katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini-magharibi ya Kamina, kwenye reli iendayo Mwene-Ditu na Kasai. Ni mahali pazuri pa kuulizia swali letu kwa sababu lugha nyingi hukutana hapo. Kiluba ni lugha ya nyumbani kwa wengi. Kikanyok kipo jirani. Ciluba huja na treni kutoka Kasai, na Kiswahili cha Katanga huja na treni hiyo hiyo kutoka kusini. Sheria, nayo, huzungumza Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba kuwa lugha za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa peke yake.

2. Kazi ya noteri

Jina la noteri limefika Kongo kutoka Kifaransa. Tanzania husema mthibitishaji wa hati, na mara nyingi huyo ni wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo. Tofauti hiyo si ya majina tu. Katika mkondo wa Uingereza, uliorithiwa na Tanzania, Kenya na Uganda, mthibitishaji ni shahidi mwenye cheo. Anathibitisha kwamba aliyetia sahihi ndiye mwenyewe, kwamba nakala inalingana na asili yake, kwamba kiapo kimeapwa mbele yake. Hati hubaki mali ya walioiandika. Katika mkondo wa Ufaransa na Ubelgiji, uliofika Kongo, noteri anaibadilisha hati yenyewe. Ikishapita mikononi mwake inakuwa hati rasmi: tarehe yake, watu waliofika, na maneno waliyoyatamka mbele yake huchukuliwa kuwa kweli mpaka mtu athibitishe mahakamani kwamba yameghushiwa. Anayeipinga ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi.

Yapo mambo ambayo noteri hayafanyi, na kutoyajua kumewagharimu watu wengi. Yeye si hakimu. Haamui nani ana haki katika ugomvi. Wala muhuri wake hauiponyi hati iliyozaliwa na ugonjwa. Aliyeuza nyumba isiyo yake hakuwa mwenye nyumba kwa kupita ofisini, na mnunuzi aliyetazama wino wa muhuri bila kuuliza chimbuko la haki ya muuzaji amenunua wino. Noteri anathibitisha mambo matatu tu, lakini makubwa: nani amefika, amesema nini, na kwamba amesema kwa hiari. Historia ya hati katika eneo letu, kwa maoni yangu, ni historia ya mambo haya matatu kuulizwa vizuri, kuulizwa vibaya, au kutoulizwa kabisa.

3. Pwani: mwenye deni na mwandishi

Watu wa pwani walikuwa na utaratibu wa hati muda mrefu kabla ya ofisi za Wazungu. Msingi wake ulikuwa fikihi ya Kiislamu, na ndani ya fikihi hiyo aya ya deni katika sura ya Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani. Maagizo yake yanafahamika: deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi waitwe. Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni agizo kuhusu nani amwambie mwandishi la kuandika. Si mdai. Ni mdaiwa, yaani yule ambaye karatasi itamfunga. Akiwa hawezi, kwa udhaifu au kwa kutoelewa, msimamizi wake humsemea kwa uadilifu. Mwenye nguvu katika biashara ile, ambaye mali imetoka mfukoni mwake, anasikiliza.

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi utaratibu huo. Hati, wakala, rahani, wosia, shahidi, kadhi, muhuri: yote haya yalikuwa maneno ya sokoni kabla hayajawa ya mahakamani. Hata sahihi, jina tunaloipa alama ya mkono chini ya karatasi, ni neno lile lile tunalolitumia kwa jambo lililo kweli na lisilo na kasoro. Sidai kwamba kila mkopo uliofungwa Unguja katika karne ya 19 ulifuata aya hiyo. Wafanyabiashara waliozipa misafara bidhaa kwa mkopo hawakuwa watu wa kukaa kimya mbele ya mwandishi. Lakini kanuni ilikuwepo, nayo ilijulikana, na mtu aliyeonewa aliweza kuirejea.

Kisa kinachounganisha pwani na Kongo ni cha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Mwezi Februari 1887, mjini Unguja, alifunga mapatano na Henry Morton Stanley mbele ya balozi mdogo wa Uingereza. Kwa mapatano hayo alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alikubali pia kutoa wapagazi kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha. Balozi alifanya hapo kazi ambayo mabalozi wamekuwa wakiifanya kila mahali, ambayo ni kazi ya noteri: kushuhudia, kuthibitisha, kuhifadhi.

Baadaye yakazuka magomvi. Wapagazi walichelewa kufika. Stanley alidai kwamba ahadi imevunjwa; Tippu Tip alidai kwamba baruti aliyoahidiwa kwa ajili ya watu wake haikutolewa, na kwa hiyo hakuwa na deni. Stanley akafungua kesi katika mahakama ya kibalozi ya Unguja akidai pauni 10,000, na Tippu Tip akaacha shughuli zake za Kongo na kurudi pwani kujibu. Kesi hiyo mwishowe iliachwa. Katika tawasifu yake ya Kiswahili, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anayakumbuka mapatano kwa jinsi yalivyozungumzwa barazani. Stanley aliyakumbuka kwa jinsi yalivyoandikwa. Wote wawili walikuwa wafanyabiashara wazoefu, wote walikuwa na mashahidi na wakalimani, na bado waligombana juu ya maana ya ahadi moja. Kama watu wa uzito huo walifikishana mahakamani, yatakuwaje ya mtu anayeweka dole gumba chini ya karatasi asiyoweza kuisoma?

4. Ofisa wa umma wa mwaka 1885, na karatasi ya Msiri

Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Dola Huru ulitoa tangazo ambalo wanahistoria wa ardhi huko Kongo hulirejea daima, kwa kuwa lilitamka kwamba ardhi zisizokaliwa ni mali ya Dola. Tangazo hilo hilo lilikuwa na kifungu kingine kinachotuhusu zaidi. Lilisema kwamba mkataba wowote na wenyeji kuhusu kuikalia ardhi hautatambuliwa wala kulindwa na serikali isipokuwa umefanywa kwa kumshirikisha ofisa wa umma aliyeteuliwa kwa kazi hiyo.

Kwa juu juu hii ni kinga. Mwenyeji asidanganywe na mfanyabiashara. Awepo mtu wa tatu. Lakini mtu huyo wa tatu aliajiriwa na nani? Na Dola, ambayo katika tangazo hilo hilo imejitwalia ardhi. Huu ndio mwanzo wa cheo cha noteri katika Kongo kama mimi ninavyouelewa, ingawa jina halikuwa hilo. Mtu wa tatu alikuwa ni mtu wa upande wa pili.

Huko Katanga, wakati huo, mwenye neno alikuwa Msiri, mfalme wa Garenganze mwenye asili ya Unyamwezi, aliyekaa Bunkeya. Barazani kwake walifika wafanyabiashara kutoka pwani zote mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Atlantiki, na tangu 1886 wamishenari walioongozwa kwanza na Frederick Stanley Arnot. Mtu wa namna hii hakuwa mgeni wa karatasi. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alimletea mkataba kwa niaba ya Waingereza, Msiri alikataa. Alipobadili mawazo baadaye na kumtaka mmishenari amwandikie Sharpe barua ya kumwita arudi, barua hiyo ilikamatwa njiani na msafara wa Kapteni William Stairs, uliokuwa ukija kwa niaba ya Mfalme Leopold. Stairs alifika Bunkeya Desemba 1891, na tarehe 20 ya mwezi huo Msiri aliuawa kwa risasi katika mzozo wa bendera na utii. Mwafaka uliotiwa alama na warithi wake ulipatikana baada ya mauaji hayo.

Nimekirefusha kisa hiki kwa sababu moja. Msiri alikuwa na masharti mawili ya noteri kwa ukamilifu: kila mtu alimjua ni nani, na alielewa alichokuwa anaombwa. Sharti la tatu, hiari, ndilo lililoondolewa kwa bunduki. Na hakuna karatasi ya wakati ule inayoonyesha pengo hilo. Karatasi huonyesha alama tu.

5. Reli na mukanda

Reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, siku hizi Ilebo, ilikamilika mwaka 1928, na Kaniama ikawa kituo njiani. Pamoja na reli zilikuja karatasi za aina mpya. Shirika la Bourse du Travail du Katanga, lililoanzishwa mwaka 1910, liliandikisha wafanyakazi wa migodi kutoka sehemu nyingi zikiwemo za Lomami, na dikrii ya 16 Machi 1922 iliweka utaratibu wa mikataba ya kazi kati ya mwenyeji na mwajiri. Mfanyakazi alipewa kitabu cha kazi. Mwajiri ndiye aliyetunga maneno, ofisa wa utawala ndiye aliyeweka idhini, na mfanyakazi akatoa kidole. Utaratibu wa aya ya deni ulikuwa umegeuzwa juu chini: mwenye kufungwa ndiye alikuwa wa mwisho kusikia, kama alisikia.

Kwa mwanaisimu kuna jambo dogo la kuvutia hapa. Katika Kiswahili cha Katanga karatasi au barua huitwa mukanda, neno linalopatikana pia katika Ciluba na Kiluba. Mswahili wa Mombasa akilisikia hufikiri habari ya ukanda wa kiunoni. Kwamba Kiswahili cha migodini na relini kilichagua neno la wenyeji kwa kitu hiki, badala ya hati au waraka wa pwani, ni dalili kwamba msamiati wa kisheria wa pwani haukusafiri pamoja na lugha. Kiswahili kilifika Kaniama kikiwa lugha ya kazi, ya kambi, ya soko na ya kanisa. Rahani na sahihi zilibaki nyuma. Pengo lao lilijazwa na Kifaransa, na kwa hiyo mtu anayezungumza Kiswahili kutwa nzima hujikuta hana maneno yake mwenyewe pindi anapofika mbele ya meza ya noteri.

6. Juni 1966

Baada ya uhuru, tarehe 7 Juni 1966, ilitolewa amri-sheria namba 66-343, inayojulikana kwa jina la mbunge Bakajika, iliyorudisha kwa Jamhuri umiliki kamili wa ardhi, misitu na madini yaliyokuwa yamegawiwa na wakoloni. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Juni, ilifuata amri namba 66-344 kuhusu hati za noteri. Namba zao zinafuatana. Sijui kama waliozitunga walikusudia jozi hiyo, lakini mwanahistoria hawezi kuacha kulikumbuka tangazo la 1885: kwa mara nyingine, ardhi kwa Dola na karatasi kwa ofisa wa Dola vimekuja kwa pamoja. Tofauti na Ubelgiji, ambako noteri ni mtaalamu anayejitegemea, amri ya 1966 iliendeleza desturi ya koloni ya kumfanya noteri kuwa mtumishi wa Serikali.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilikamilisha jengo hilo. Udongo ni mali ya Dola isiyoweza kuhamishwa. Raia hupata haki ya kuutumia. Na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Huku chini, katika mitaa ya miji, watu wengi waliendelea kushika kile kitabu kidogo cha mwenye nyumba kilichotoka enzi za ukoloni, wakiamini kwamba ni hati ya kumiliki. Kitabu hicho kilikuwa ushahidi wa kukaa, si wa haki kamili, na mauzo mengi yaliyofanyika kwa kukabidhiana kitabu mbele ya majirani hayakuwahi kufika kwenye rejista yoyote.

Sasa tuiangalie hati ya noteri yenyewe. Hati za vyama na makampuni zilizochapishwa katika Gazeti Rasmi la Kongo huishia na fomula ambayo haibadiliki sana. Noteri anasema kwamba hati imeletwa mbele yake siku fulani na mtu fulani aliyefika mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Kwamba yeye noteri amewasomea yaliyomo mfikaji pamoja na mashahidi. Kwamba mfikaji ametamka kuwa hati inabeba kweli kusudio lake. Na kwamba kwa kuthibitisha hayo wote wametia sahihi na mhuri wa ofisi umegongwa. Ni fomula nzuri. Utambulisho, usomaji na hiari, yote yamo. Lakini mambo mawili yanamshtua msomaji wa Kiswahili. Kwanza, mashahidi mara nyingi huelezwa kuwa ni watumishi wa utawala: si jirani, si mzee wa mtaa, si mtu anayeujua uso wa mfikaji tangu utoto. Kwa desturi ya pwani shahidi huitwa kwa kuwa anakujua. Hapa huitwa kwa kuwa yupo. Pili, fomula inasema kwamba hati imesomwa. Kwa kawaida haisemi imesomwa kwa lugha gani.

7. Treni za 1992 na 1993

Uzito wa neno hiari ulionekana wazi kwenye reli ya Kaniama katika miaka ya mwisho ya Zaire. Kuanzia Likasi mwaka 1992, na Kolwezi mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Shaba na watoto wa wafanyakazi walioletwa na migodi na reli, walifukuzwa makwao kwa maelfu mengi. Walilundikana katika vituo vya treni wakingoja mabehewa ya kwenda kaskazini, na wengi walifariki njiani au vituoni. Njia yao ilipita Kamina na Kaniama kuelekea Mwene-Ditu. Nyuma waliacha nyumba. Wengine walizikimbia tu. Wengine waliziuza kwa bei ya kutupa kwa yeyote aliyekuwa na fedha mkononi.

Hati ya mauzo ya namna hiyo inaweza kuwa kamili kwa sura: majina, kiasi, tarehe, sahihi mbili. Kisheria ridhaa iliyopatikana kwa nguvu ni ridhaa yenye kasoro, na inaweza kupingwa. Lakini nani atathibitisha nguvu hiyo miaka 20 baadaye, kama hakuna mtu wa tatu aliyemuuliza muuzaji kwa faragha, kwa lugha yake, kwa nini anauza leo na kwa bei hii? Hapo ndipo noteri, au kukosekana kwake, kunapohesabika. Noteri anayeuliza swali hilo na kukataa kugonga mhuri amefanya kazi yake kuliko aliyegonga mihuri 100.

8. Kujiandaa kwenda kwa noteri

Ni vyema sasa tueleze, kwa ajili ya wanafunzi wetu ambao ndugu zao huwategemea kusoma karatasi, jinsi mtu wa Kaniama anavyopaswa kujiandaa. Maelezo haya yatamfaa pia mwenyeji wa Kigoma au Kisumu, akibadilisha majina ya ofisi.

La kwanza ni jina. Hili linaonekana dogo, na huko Kongo ni kubwa kuliko yote. Mzee aliyezaliwa kabla ya 1960 alibatizwa kwa jina la Kikristo, na jina hilo likaandikwa katika kitabu chake cha kazi. Mwaka 1972, kwa siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina hayo yalipigwa marufuku na mzee akaandikishwa upya kwa majina ya mababu. Baadaye akalirudia la ubatizo. Mahali alipozaliwa napo pamebadilika bila yeye kuhama: jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba mwaka 1971, likawa Katanga tena mwaka 1997, na tangu 2015 sehemu yake ni Haut-Lomami. Nchi yenyewe imekuwa Kongo ya Wabelgiji, Kongo, Zaire, na Kongo. Karatasi za mtu mmoja zinaweza kusomeka kama za watu watatu wa nchi tatu. Kabla ya kwenda ofisini, mtu akusanye karatasi zake zote, azipange kwa miaka, na pale ambapo majina hayalingani atafute kwanza uthibitisho kutoka ofisi ya hali ya raia au mahakama. Tangu 2005 na kuendelea kadi ya mpiga kura imetumika kwa miaka mingi mahali pa kitambulisho, na jina lililoandikwa humo kwa haraka siku ya uandikishaji ndilo linaloleta matatizo mengi.

La pili, asitie sahihi nyumbani. Watu wengi hudhani ni heshima kumfikia ofisa na karatasi iliyokamilika. Noteri anapaswa kuiona sahihi ikitiwa, au angalau kumsikia mwenye sahihi akiikiri mbele yake. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kumtuma mtoto au mpwa. Ikiwa mgonjwa au mzee hawezi kusafiri hadi Kamina, ulizwe utaratibu wa ofisa kumfuata alipo, au itengenezwe hati ya wakala inayotaja kazi moja kwa jina lake: kuuza nyumba fulani, kupokea malipo fulani. Wakala wa jumla, unaosema fulani afanye lolote kwa niaba yangu, ni ufunguo wa nyumba nzima uliotolewa kwa ajili ya kufungulia dirisha.

La tatu linahusu walioandamana naye. Tulikwisha kuona kwamba ofisi huweza kutoa mashahidi wake. Hakuna kinachomzuia mtu kufika na watu wake wawili wanaomjua na wasio na faida katika jambo lenyewe. Mnunuzi hawezi kuwa shahidi wa kununua kwake, wala mrithi wa wosia unaompa nyumba. Mwanamke aliyeolewa alikabiliwa na kizuizi zaidi: Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilimtaka apate idhini ya mume kwa matendo ya kisheria yanayomfunga yeye binafsi. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa idhini hiyo na kuweka makubaliano ya wanandoa wote wawili. Mabadiliko haya hayajafika kwenye masikio ya kila mtu, na ni vizuri mama ajue hivyo kabla ya kurudishwa nyumbani kwenda kuleta barua ya mume.

Wosia unahitaji neno la peke yake, kwa sababu ni hapo ndipo wajane hupoteza. Sheria hiyo ya 1987 inatambua wosia rasmi uliofanywa mbele ya noteri au ofisa wa hali ya raia, wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, na wosia wa mdomo wa mtu anayekikaribia kifo, mbele ya mashahidi wawili walio watu wazima. Huo wa tatu una mipaka mikubwa katika yale unayoweza kuyaamua. Mzee anayengoja mpaka kitanda cha mauti ndipo awaite ndugu amechagua, bila kujua, aina dhaifu kuliko zote. Na asiyeandika chochote amewaachia ndugu wa ukoo wagombane na watoto wake, ingawa sheria inawapa watoto robo tatu ya urithi.

Limebaki jambo la lugha, ambalo ndilo letu. Mtu ana haki ya kuomba hati isomwe na kufasiriwa kwa lugha anayoielewa kabla hajatia kidole, na ni busara aombe lugha hiyo na jina la mfasiri viandikwe ndani ya hati. Lakini mfasiri atasema nini? Chukua haki ambayo sheria ya familia inampa mjane: haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na mumewe na kuitumia pamoja na vyombo vyake, huku umiliki ukiwa wa warithi. Kifaransa kina neno moja kwa haki hiyo, usufruit. Akiambiwa kwa Kiswahili kwamba nyumba ni yake, ataiuza na kushtakiwa. Akiambiwa kwamba si yake, atafungasha vyombo vyake kabla ya arobaini. Fikihi ya pwani ilikuwa na neno manufaa kwa faida ya kitu ikitenganishwa na kitu chenyewe, na wakfu mwingi wa Mombasa na Lamu ulisimama juu ya tofauti hiyo. Haki ya manufaa, kwa hiyo, ingeweza kuwa tafsiri. Kwa sasa pendekezo hilo lina kasoro moja ya wazi: mama wa Kaniama hajawahi kulisikia, na mpaka atakapolisikia mfasiri hana budi kumwambia kwa sentensi nzima kwamba hakuna wa kumtoa humo, ila asiuze.